Sahani ya Mfalme wa Kwanza

Niazimeni masikio yenu kidogo. Nitayarudisha.

Kulikuwa na nchi moja iliyobadilishwa jina mara nyingi mno. Kila mfalme alikuja na jina lake, mpaka wananchi wakachoka kukariri, wakawa wanaiita Hapahapa tu. Ukimuuliza mtu, "Unaishi nchi gani?" anakujibu, "Hapahapa," na hakuna askari wa kumkamata kwa jibu hilo. Iko upande gani wa dunia sijui, wala msiniulize.

Hapahapa ilijaliwa raha zote isipokuwa zile ndogondogo, kama maji na dawa. Lakini Jumba la Mfalme ilikuwa nalo, tena jumba haswa! Jeupe pepepe, mpaka ndege wakipita juu walifumba jicho moja. Bustani yake ilianzia barazani ikaenda, ikaenda, mpaka ikasahau ilikuwa inakwenda wapi. Wageni walitoka ng'ambo kuja kuliona, wakapiga picha, wakarudi kwao wakisema, "Loo, watu wa kule wanaishi!"

Wananchi wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Si kwa ubaya, hapana. Tangazo la serikali lilieleza kwa upole kabisa: "Mwananchi amelijenga Jumba kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiyo ameshaliona." Sasa hapo utabisha nini? Ni kweli walilijenga.

Aliyetaka kuingia alilazimika kuwa mtalii. Na sheria ikamweleza mtalii ni nani: ni mtu yeyote anayetoka mbali na anayeshangaa.

*

Siwatu alikuwa anatoka mbali. Hilo halikuwa na ubishi, maana serikali yenyewe ndiyo iliyompeleka huko.

Alizaliwa Mkunguni, mtaa uliokuwa palepale ilipo bustani ya Jumba. Asubuhi moja malori yalikuja, watu wakapakiwa pamoja na magodoro, masufuria na kuku wao, wakaenda kumwagwa nyikani, mahali pasipo na jina. Wakakaa hapo wakitazamana. Mtu akipita akiwauliza, "Hamjambo?" wanajibu, "Tupotupo." Basi mahali pakaitwa Tupotupo mpaka kesho.

Mama yake, Mashavu, hakupanda lori. Yeye alikuwa ameshazikwa Mkunguni, chini ya mfenesi, siku chache kabla. Alikuwa muuza vitumbua, na homa ilimchukua haraka kuliko mtu anavyoweza kugeuza kitumbua kimoja. Mumewe, Mzee Faki, hakuwepo. Alikuwa amechukuliwa kwenda kupaka chokaa ukuta wa Jumba, na waliochukuliwa hawakutoka mpaka ukuta uishe. Ukuta wenyewe ulipita nyuma ya mtaa. Siku ile alikisikia kilio cha msiba upande wa pili, akamwambia mwenzake, "Masikini, leo kafiwa nani?" Kisha akachovya brashi akaendelea.

Ukuta ulipoisha, mke alikuwa hayupo, mtaa ulikuwa haupo, na chokaa ilikuwa imemla macho yote mawili.

Sasa, watu wa Mkunguni walikuwa na desturi yao. Hawakuweka mawe makaburini wala maandishi. Mtu akifa, sahani aliyokuwa akilia chakula inachomekwa udongoni upande wa kichwa, ili apitaye ajue kwamba huyu amekula riziki yake, ameshukuru, ameondoka. Halafu mwenzake wa ndoa anasimama pale, anamwita mara tatu kwa jina lake likiwa limefungwa na la mwenzake, anamwambia, "Nimekuwia radhi." Na waliopo wanaitikia kwa sauti, "Tumesikia!" Hapo ndipo marehemu analala. Asipoitwa halali. Anakaa tu kitako gizani, kama mtu aliyeambiwa, "Ningoje hapo, nakuja."

Mashavu alikuwa anangoja.

"Mama yako hajalala," Mzee Faki alikuwa akisema kila wakitandika mkeka. "Kakaa kitako miaka yote hii. Na mgongo wake ule, namjua mimi, utakuwa unamuuma."

Siwatu ananyoosha tu ncha za mkeka. Alikuwa msichana wa haya, haya za kupitiliza. Shuleni mwalimu akiita majina yeye akisema "nipo," mwalimu anaandika hayupo. Lakini siku moja alipika uji, akamkabidhi baba yake kikombe, akasema chini chini kama paka aliye uvunguni, "Baba, twende tukawe watalii."

Mzee Faki akaacha kunywa. "Na kuitikia ataitikia nani?"

"Sijui."

"Hujui? Kwani una dada mwingine umemficha? Utaitikia wewe. Tena kwa sauti ya mtu, si hiyo ya mbu. Asiyesikika hajaitikia."

Siwatu akatamani kulirudisha neno lake. Lakini alishasema.

*

Langoni palikuwa na Ofisi ya Ushangao. Aliyekaa dirishani alikuwa afisa mmoja, Bi Zamoyoni, kofia ya serikali imemzidi kichwa mpaka inakaa juu ya miwani.

"Mnatoka wapi?"

"Tupotupo," akasema Siwatu.

"Wapi?"

"Tupotupo!" Mzee Faki akapaza.

Bi Zamoyoni akafunua ramani, akaipekua juu, akaipekua chini, akaigeuza. "Haimo. Basi ni mbali sana hiyo. Vizuri. Sasa shangaeni."

Akawasogezea picha ya Jumba. Siwatu akaitazama, akasema, "Loo."

"Hapana dada. Hiyo ni loo ya mtu aliyekanyaga maji. Mimi nataka loo ya jumba. Itoe kifuani."

"Looo."

"Hiyo ya mtu aliyeunguza wali. Jitahidi, foleni ndefu."

Siwatu akaitazama tena ile picha. Kwa pembeni, nyuma ya bustani, akauona mfenesi. Mfenesi wa kwao! Mdomo ukafunguka wenyewe, lakini sauti haikutoka hata kidogo.

"Enhee!" Bi Zamoyoni akapiga meza. "Umeona? Hiyo sasa ndiyo. Na huyu mzee?"

"Mzee haoni, mama."

"Haoni? Sasa kipofu anashangaa nini?"

Mzee Faki akaegemea dirisha. "Mwanangu, mimi nilipaka chokaa ukuta huu mpaka nikaacha macho yangu humo. Leo nimekuja kukuomba ruhusa ya kupita mlango wake, na wewe unaniuliza nashangaa nini. Nikuanzie wapi?"

Bi Zamoyoni akabaki ametoa macho. "Huyu anashangaa kwa ndani," akasema, akagonga muhuri.

Wakapewa kofia za watalii. Mzee Faki akapewa na miwani myeusi, maana sheria ilitaka macho ya wageni yakingwe dhidi ya weupe wa Jumba. Akaipapasa, akaivaa polepole.

"Miwani hii," akasema, "ingekuja mapema."

*

Kiongozi wao aliitwa Hamduni. Cheo chake kilikuwa Mfasiri wa Uzuri, na vifungo vya koti lake vilikuwa vingi kuliko matundu. Kundi lilikuwa na watalii wa ng'ambo, wekundu kwa jua, hawajui neno hata moja la Hapahapa. Mbele yao alisimama bibi mmoja mrefu mwenye kofia kubwa ya ukindu, anaitikia kwa kichwa kila kitu, hata akipita nzi.

"Wageni watukufu!" Hamduni akanguruma. "Mnachokiona, mnakiona! Na msichokiona, hakipo! Hii ni Bustani ya Furaha. Kutembea, ruhusa. Kupiga picha, ruhusa. Kucheka, ruhusa, ila mwisho meno ya mbele. Kulia ni marufuku! Machozi yana chumvi, na chumvi inaunguza nyasi za Mfalme. Nyasi hizi zimekuja kwa ndege kutoka ng'ambo, tena zilikaa viti vya mbele."

Akawaonyesha kipara kimoja cha udongo kilichozungushiwa kamba. "Hapa alilia waziri alipofukuzwa kazi. Nyasi hazijaota mpaka leo. Waziri naye, vilevile, hajaonekana."

Nyuma ya kundi walifuata Askari wa Leso, kila mmoja na kitambaa cheupe mkononi, wanachungulia watu machoni.

Mzee Faki alikuwa ameshika bega la Siwatu. Hakuwa anasikiliza. Nyayo zake ndizo zilikuwa zinasikiliza.

"Hapa tunateremka," akanong'ona. "Mkono wa kulia, kwa jirani yetu Bi Tatu. Mwambie asimwage maji ya dagaa njiani."

"Sawa, baba."

"Kisima kiko kushoto."

Kushoto palikuwa na chemchemi ya marumaru, samaki wa shaba wanatema maji juu. "Chemchemi hii," Hamduni akatangaza, "ilichipuka yenyewe siku aliyozaliwa Mfalme, kwa furaha!"

"Ilichipuka?" Mzee Faki akaropoka. "Kisima cha Mkunguni! Tumekichimba sisi, mtu mpaka kateguka kiuno!"

"Mzee anashangaa," Hamduni akawaeleza wageni. Bibi wa kofia ya ukindu akapiga makofi.

Wakasonga. Mfenesi ulikuwepo kweli, umefungwa mnyororo wa dhahabu shinani, na askari kasimama analinda mafenesi yasianguke bila idhini. Mzee Faki akaisikia ile harufu, akasimama.

"Tumefika," akasema. Sauti ilimbadilika, ikawa ya kijana. "Upande wa jua linapotoka. Hapohapo. Nipeleke, mwanangu."

Siwatu akatazama upande wa jua linapotoka.

Palikuwa na bwawa. Bwawa pana, maji yametulia kama kioo, na ndani yake bata wa kigeni, weupe, wanaogelea kama watu wasio na deni na mtu. Hakukuwa na udongo. Hakukuwa na tuta. Hakukuwa na sahani.

"Tumefika, si ndiyo?"

"Bado, baba."

"Mbona nasikia maji?"

"Ni... ni bomba limepasuka."

Mzee Faki akatega sikio. Bata mmoja akapiga mbawa. "Siwatu," akasema taratibu, "wewe tangu mdogo ukitaka kudanganya unaanza na 'ni... ni.' Wamemfukua?"

Siwatu aliuma shavu kwa ndani mpaka akasikia ladha ya damu. Askari wa Leso alishasogea, kitambaa tayari, anamtazama jicho la kushoto ambalo lilikuwa limeanza kung'aa.

"Usilie hapa, baba," akasema. "Nakuomba. Jikaze. Usilie hapa."



*

Kisha wakaingizwa ndani, Ukumbi wa Asili. Katikati palikuwa na sanduku la kioo, ndani yake mto wa mahameli nyekundu, taa nne zinaumulika, na askari wawili wamechomoa panga. Juu ya mto kulikuwa na sahani.

Sahani ya mawaridi ya buluu, imemeguka ukingoni.

"Wageni watukufu, shusheni pumzi!" Hamduni akasema. "Kuna watu wenye wivu waliowahi kusema kwamba ukoo wa Mfalme hauna asili, eti babu yake alikuwa mchunga punda, tena punda wa watu! Watu hao wamehamia nchi nyingine, baadhi yao bila kujua. Ndipo tulipokuwa tunachimba bwawa la bata, ardhi yenyewe ikatoa ushahidi! Tukakuta mifupa ya kifalme, na kichwani pake ngao hii! Wataalamu wakakaa kikao, wakauliza: ni nani azikwaye na ngao? Jibu ni mfalme! Huyu basi ndiye Mfalme wa Kwanza, shina la ukoo! Tazameni hapa ilipomeguka. Upanga wa adui! Na nyuma yake, oneni kwenye kioo kile, madoa mawili mekundu. Damu ya wafalme wawili aliowachinja kwa mkono wake!"

Watalii wakasema loo. Loo nzuri kabisa, za kifuani.

Siwatu alikuwa amesimama kama amepigiliwa misumari. Adui aliyeimega ile sahani alikuwa ni yeye. Alikuwa mdogo, ameng'oka jino la mbele, akaigonga kwenye jiwe la kufulia. Alijificha akingoja kipigo. Mama akaja, akaishika sahani, akamshika na kidevu, akawatazama wote wawili, akasema, "Haya, mna mapengo sawa. Mmekuwa mapacha." Akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Na yale madoa yalikuwa rangi ya kucha. Mkunguni sahani ziliazimwa kwa harusi, na kila mama aliweka alama yake nyuma ili zirudi nyumbani. Bi Tatu aliweka mstari wa kijani. Mashavu aliweka madoa mawili mekundu.

Hii haikurudi.

Akalisogelea sikio la baba yake. "Baba. Sahani ya mama iko hapa."

"Ina pengo?"

"Inalo."

"Na madoa ya rangi ya kucha?"

"Mawili. Mekundu."

Mzee Faki akavuta pumzi ndefu. "Bwana kiongozi," akaita, "yule mliyemkuta nayo, mmempeleka wapi?"

"Swali la mtu mwenye adabu!" Hamduni akafurahi. "Amelala katika Kaburi Kuu, chini ya kuba la dhahabu. Mfalme mwenyewe huja kila mwaka, akalala kifudifudi mbele yake. Tunakwenda huko sasa hivi."

Mzee Faki akatikisa kichwa. Uso wake ulitaka kucheka na kulia kwa pamoja, ukashindwa kuchagua. "Mashavu wewe," akanong'ona. "Nimekuacha kidogo tu, umekuwa mwanamume?"

*

Kaburi Kuu lilikuwa limejengwa kwa marumaru, na kuba lake lilikuwa refu kiasi kwamba kila ulichosema lilikurudishia mwisho wake, kama mtoto anayefundishwa kuongea.

"Hapa hakuna nyasi," Hamduni akaeleza. "Kwa hiyo hapa kulia si ruhusa tu, ni lazima! Nikigonga kengele, mnalia. Nikigonga tena, mnaacha. Na mtu asithubutu kumwita Mfalme wa Kwanza kwa jina. Hana jina. Kila lililojaribiwa lilimbana. Anayemwita kwa jina ni mhaini, na mhaini..." Hakumalizia. Askari mkuu, aliyesimama mlangoni na masharubu yake, alimmalizia kwa kukohoa.

Kengele ikalia. Watalii wakajifunika nyuso kwa kofia, wakaguna guna.

Mzee Faki akaliachia bega la Siwatu. Akatangulia, mikono mbele, akapapasa hewa mpaka akaligusa jiwe. Akapiga magoti. Jiwe lilikuwa la baridi, akalipapasa kama mtu anayetafuta uso wa aliyelala, ajue amegeukia wapi.

"Mashavu wa Faki!"

Kuba likarudisha: *Faki... Faki...*

Hamduni akagonga kengele mbio mbio. Askari wakageuka.

"Mashavu wa Faki!"

*Faki... Faki...*

"Mashavu wa Faki! Ni mimi. Nimechelewa. Nilikuwa nyuma ya ukuta, mke wangu. Nilikisikia kilio, nikasema masikini, leo kafiwa nani. Kumbe nimefiwa mimi. Nikachovya brashi nikaendelea kupaka. Nimekuwia radhi, Mashavu. Nawe niwie radhi."

Akainua kichwa, akageuza sikio nyuma, anangoja.

Siwatu alijua anangojwa yeye. Alijua vilevile kwamba askari wameshamwona mhaini mmoja, na atakayefungua mdomo atakuwa wa pili. Akaona shule, mwalimu anaita majina, kalamu inaandika hayupo, hayupo, hayupo. Akamwona mama yake amekaa kitako gizani, mkono kiunoni, ametega sikio.

"TUMESIKIA!"

Hata yeye aligutuka. Kuba lote lilitikisika. *Sikia... sikia...*

Yule bibi wa kofia ya ukindu akafunua uso. Alikuwa amesoma mahali kwamba katika nchi hizi mgeni mwema hushiriki ngoma za wenyeji. Akaweka mkono kifuani, akaita kwa lafudhi ya kuvunjika vunjika, "Tumesikia!" Wenzake wakaona, aa, kumbe ndiyo inavyokwenda. "Tumesikia! Mashavu! Tumesikia!" Kundi zima, kwa sauti moja, wengine wanapiga picha.

"Hamduni!" askari mkuu akanguruma. "Hawa wanasema nini?"

Jasho lilimtoka Hamduni. Uhaini ukitokea kwenye kundi, anayeanza kukatwa ni kiongozi. "Ni... ni lakabu ya kale," akasema. "Ni... ni sifa ya Mfalme wa Kwanza, imegunduliwa juzi."

Siwatu aliisikia ile "ni... ni," akaijua.

Askari mkuu akafikiri, jambo lililomchukua muda. Halafu akapiga saluti mpaka masharubu yakaruka. "Mashavu!" akasema. Na askari wote wakapiga saluti. "Mashavu!"

Hamduni akaja haraka kumwinua mzee kwa kwapa. Akainama kwa Siwatu, midomo haitikisiki. "Mashavu wa vitumbua? Wa chini ya mfenesi?"

Siwatu akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa habanii hiliki," akasema Hamduni. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akajinyoosha, akavuta koti, akanguruma, "Wageni watukufu! Sasa tuelekee mazizi ya farasi!"

Njiani kurudi, Mzee Faki alitembea mwepesi kama aliyetua gunia. "Amelala," akasema. "Umesikia alivyoshusha pumzi?"

Siwatu hakusikia chochote zaidi ya lile kuba. "Nimesikia, baba," akasema, moja kwa moja, bila kukwama.

Walipokanyaga nyasi, maji yakaanza kutiririka chini ya ile miwani myeusi. Askari wa Leso akadakia. "Mzee! Nyasi!"

"Samahani, mwanangu. Jasho hilo."

"Jasho nalo lina chumvi."

"Enhe?" akasema Mzee Faki, akaelekeza uso kule ulikokuwa ukuta. "Basi ule ukuta wenu mzima utakuwa umekolea."

*

Habari za lakabu zilimfikia Mfalme, zikampendeza. Baraza likakaa, likatoa amri: jina Mashavu ni mali ya Kiti cha Enzi. Kila mgeni atakayefika Kaburi Kuu ataliita kwa sauti. Ile "wa Faki" iliondolewa, kwa sababu mfalme hawezi kuwa wa mtu. Na nje ya Jumba, jina hilo lisitamkwe na mdomo wowote usio na kibali. Akina mama wote walioitwa Mashavu wapewe majina mengine. Hata watoto wenye mashavu makubwa, wazazi walishauriwa waseme "pande za uso."

Afisa akafika mpaka Tupotupo, ambayo sasa ilikuwa imeingia kwenye ramani ili amri ipate pa kwenda.

"Jina la mama?" akamuuliza Siwatu.

"Mashavu."

"Hilo limeshachukuliwa. Lingine?"

"Sina mama mwingine."

Afisa akaandika: *Nafasi iko wazi.*

Mvua za mwaka ule ndizo zilizomchukua Mzee Faki. Aliondoka usingizini, mkono chini ya shavu. Samahani, chini ya pande la uso. Wakamzika nyikani, wakamchomekea sahani yake ya bati. Mke hayupo, basi wa kuita alikuwa Siwatu. Ilipasa aite Faki wa nani, kila mtu alijua. Na maafisa wawili walikuwa wamesimama pale, wamefunga mikono, wanasikiliza msiba.

"Faki wa..." Siwatu akaanza.

Afisa mmoja akakohoa. Watoto wa watu walikuwa wamesimama karibu, na wazee, na akina mama na kanga zao vichwani. Siwatu akawatazama. Akaishia hapo. Mara tatu aliita, mara tatu aliishia hapo.

"Faki wa."

Na watu wote wa Mkunguni, macho chini, wakaitikia, "Tumesikia."

Lakini Siwatu hana amani. Anaona baba yake amelala nusu, kwa upande mmoja, kama mtu asiyejua nafasi ya pili ameachiwa nani. Ndiyo maana kila mwaka anavaa ile kofia, anasafiri, anapanga foleni kwenye Ofisi ya Ushangao.

"Wewe dada tena!" anasema Bi Zamoyoni. "Mara zote hizi, na loo yako inazidi kuwa nzuri. Kwani hujazoea tu?"

"Sijazoea, mama."

Muhuri, ta!

Anapita bustani amekaza macho. Anapita bwawa la bata. Anaipita sahani, analiangalia pengo lake, anapitisha ulimi kwenye jino lake la mbele. Kisha anasimama nyuma kabisa ya Kaburi Kuu, kengele inalia, na watu wasiomjua mama yake, waliotoka nchi asizozijua, wanaita kwa nguvu zao zote, "Mashavu!" Kuba linarudisha, *shavu... shavu...*

Na Siwatu, kwa ile sauti ya paka aliye uvunguni, anamalizia:

"Wa Faki."

Kuba haliwezi kuisikia sauti ndogo vile. Halikujengwa kwa ajili yake. Mama lakini alikuwa anaisikia hata akiwa kwenye moshi wa vitumbua.

Haya, masikio yenu hayo, nimeyarudisha. Kama yamelowa kidogo mniwie radhi, yaanikeni tu juani. Ila msiyaanike kwenye nyasi.